Serikali kumpa raia alama kwa akili mnemba: Ulaya wamekataza, sisi tunangoja nini?

#1 Mchambuzi wa Vingunguti

Wakuu, salaam.

Tangu tarehe 2 Februari 2025, ndani ya Umoja wa Ulaya ni kosa kutumia akili mnemba kumpa mtu alama kutokana na mwenendo wake au tabia yake, halafu alama hizo zikaja kumponza mahali pasipohusika. Mfano wangu: umechelewa kodi ya nyumba, mfumo ukakushusha, mwezi ujao mtoto wako ananyimwa nafasi ya chekechea. Sheria yenyewe ni Kanuni namba 1689 ya mwaka 2024, kifungu cha 5. Faini inafika Euro milioni 35 au asilimia 7 ya mauzo ya kampuni duniani kote kwa mwaka, inachukuliwa iliyo kubwa.

Sasa tuje kwetu. Laini ya simu imesajiliwa kwa alama za vidole, NIDA ipo, TIN ipo, mkopo wa chuo unaombwa mtandaoni, ruzuku ya kaya maskini ina kanzidata yake. Vyote hivi vinasomana au vitasomana. Hoja yangu ni kwamba marufuku ije kwanza, maana mfumo ukishajengwa na tenda ikishaliwa hakuna atakayeuvunja. Anayepinga aje na hoja.

#2 Ngoja Waje

Nimevuta kiti. Wenye uzi wao wanakuja.

#3 Baba Tumaini

Napinga mimi.

Mnaongea kama vile leo hatupewi alama. Nenda kwa mjumbe au ofisi ya serikali ya mtaa kuomba barua ya utambulisho uone. Utaulizwa mbona mchango wa ulinzi shirikishi hujatoa, mbona msiba wa mzee fulani hukuonekana, na shemeji yako yule aliyegombea upande mwingine hajambo? Barua inatoka baada ya siku kadhaa au baada ya "soda". Hizo si alama? Tena hazijaandikwa popote ukazikatie rufaa. Mashine angalau haina ugomvi wa mpaka na mimi. Ije hata kesho.

#4 Mkunazini

#3 umenikuna. Huku Unguja badala ya mjumbe weka sheha. Sheha akikununia, hata uwe na vyeti vyote vya dunia, wewe hukai shehia ile. "Simtambui mtu huyu," basi imekwisha.

#5 Kamanda Msto

Mnataka yale ya China, kila mtu ana namba kichwani, ukivuka barabara vibaya unashuka, ukishuka hupandi ndege? Endeleeni kushabikia.

#6 Mama Zawadi wa Rotterdam

Nisikilizeni kidogo, naishi huku na jambo hili tumeliona kwa majirani.

Uholanzi serikali inawarudishia wazazi sehemu ya gharama ya kulelea watoto ili waende kazini. Kuanzia 2013 mamlaka ya kodi ikaweka mfumo unaojifunza wenyewe, unampa kila mwombaji alama kati ya 0 na 1: huyu ana uwezekano gani wa kudanganya. Kutokuwa raia wa Uholanzi kulikuwa kigezo kimojawapo kinachopandisha alama. Wenye alama za juu faili zao zinapelekwa kwa ofisa azikague, na ofisa mwenyewe haambiwi kwa nini faili hili limeletwa mezani. Anaona jina, anaona kwamba mashine imeshtuka, naye anashtuka.

Sahihi moja ikikosekana, au mchango mdogo wa mzazi usipoonekana, unadaiwa fedha zote za mwaka. Siyo pengo lile, ZOTE. Watu wakadaiwa makumi ya maelfu ya Euro. Ndoa zimevunjika, nyumba zimeuzwa, na zaidi ya watoto 1,000 wa familia hizo waliondolewa kwa wazazi wao. Serikali nzima ya Mark Rutte ilijiuzulu Januari 2021. Kila mzazi aliyethibitika kuonewa akaahidiwa angalau Euro 30,000.

Kwa hiyo #3, mashine nayo ina ugomvi wa mpaka. Waliuingiza kwa mkono.

#7 Baba Tumaini

#6 pole kwa yaliyowapata majirani. Ila ona: huko serikali ilianguka na watu wanalipwa. Mjumbe wangu ataanguka lini?

#8 Ngoja Waje

😂😂 Huyu mzee ana kesi na mjumbe, tumwachie.

#9 Wakili Asiye na Joho

Asante #1 kwa kuanzisha, lakini kichwa cha uzi kimezidi sheria. Turekebishe.

Kwanza, kifungu cha 5 hakikatazi alama zote. Kinakataza pale mtu anapopimwa kwa muda fulani kwa mwenendo wake katika jamii au kwa hulka yake, ya kweli au ya kubashiriwa, halafu alama zikamletea madhara kwenye jambo lisilohusiana na zilikotoka data, AU madhara yasiyolingana na kosa lenyewe. Serikali kukagua nani anastahili ruzuku kwa kutumia akili mnemba haijakatazwa. Imewekwa kundi la "hatari kubwa": inaruhusiwa kwa masharti, na masharti hayo yalipangiwa kuanza baadaye.

Pili, rasimu ya kwanza ya 2021 ilizilenga mamlaka za umma. Sheria iliyopitishwa inazigusa na kampuni binafsi.

Tatu, na hapa ndipo utamu ulipo. Faini ile ya Euro milioni 35, ikifika kwa mamlaka za umma, kila nchi inajiamulia kama itazitoza na kwa kiasi gani. Serikali ijitoze faini, iitoe mfuko wa kushoto iweke wa kulia. Mlitegemea nini?

Kuhusu #6: kesi ya Uholanzi iliyoamuliwa mahakamani ni nyingine, inaitwa SyRI. Mfumo ule ulikuwa unaweza kuunganisha aina 17 za data za serikali kutafuta wadanganyifu, na ukaelekezwa kwenye mitaa ya watu wa kipato cha chini. Mahakama ya The Hague ikausimamisha Februari 2020 kwa sababu unaingilia faragha kinyume cha kifungu cha 8 cha Mkataba wa Ulaya wa Haki za Binadamu, na kwa sababu hakuna aliyeweza kuona unavyofanya kazi. Hiyo ni miaka kabla ya sheria ya akili mnemba. Majaji walitumia sheria waliyokuwa nayo.

#10 Mchambuzi wa Vingunguti

#9 nimekusoma. Lakini kama ruzuku wameiacha nje ya marufuku, basi wamefunga dirisha na mlango upo wazi. Maskini hasumbuliwi na alama za tabia njema, anasumbuliwa na alama za ruzuku.

#11 Nilisoma Wuhan

#5, hayo ya namba kichwani niliyasikia sana kabla sijaenda, nikayatafuta sikuyaona. China haina alama moja ya kitaifa kwa kila raia. Kuna mpango uliotangazwa 2014 uliogusa zaidi kampuni: kodi, usalama wa chakula, mikataba. Kuna orodha ya mahakama ya wadaiwa sugu, ilianza 2013. Hukumu imeshatoka, una uwezo wa kulipa, hutaki: jina linaingia humo, hukati tiketi ya ndege wala ya treni ya kasi. Na kuna miji iliyojaribu alama kivyake. Unaotajwa sana ni Rongcheng, mkoa wa Shandong, kila mtu anaanza na pointi 1,000.

Cha kuchekesha, pale Rongcheng kazi kubwa ilikuwa ya watu na karatasi. Mtu wa kijiji anaandika nani amejitolea kufagia, nani amegombana na jirani. Akili mnemba iko wapi? Ni mjumbe wa Baba Tumaini na daftari.

#12 Baba Tumaini

Mjumbe wangu amefika China 😂

#13 Kamanda Msto

#11 umelipwa shilingi ngapi? Kunyimwa tiketi ni kunyimwa tiketi, uliite orodha au uliite alama.

#14 Kisumu Dala

Wadau, hamjambo. Mnazunguka Ulaya na China na jambo liko hapa Kenya.

Bima ya afya ya SHA ilipoanza Oktoba 2024, aliye na mshahara hakuwa na shida ya kupimwa: anakatwa asilimia 2.75, kwisha. Jua kali, mkulima, mama mboga, hawa mfumo hauna payslip yao. Kwa hiyo wanaulizwa maswali. Paa la nini, sakafu ya nini, choo cha aina gani, maji unatoa wapi, una ng'ombe, watu wangapi kwa nyumba. Kutokana na majibu mfumo unakisia mapato ya kaya, unatoza asilimia ileile, na hakuna anayelipa chini ya shilingi 300 kwa mwezi. Halafu ulipe ya mwaka mzima kwa mpigo. Watu walilalamika wamekadiriwa pesa ambazo hawajawahi kushika.

Chuo nako vilevile. Kuanzia 2023 wanafunzi waligawanywa makundi kwa kipimo cha uwezo wa familia. Mahakama Kuu Desemba 2024 ikasema mpango huo unavunja Katiba, ukaenda rufaa.

Sasa niambieni, hiyo ni serikali kumpa raia alama ama siyo?

#15 Takwimu Tamu

#14 ni alama, ndiyo, ila akili mnemba siyo. Nifafanue maana nimefanya kazi za namna hii.

Unachukua utafiti wa bajeti za kaya wa taifa. Humo kuna kaya elfu kadhaa ambazo zilihojiwa kweli kweli, wanakula nini, wanatumia kiasi gani. Unatazama vitu vinavyoonekana kwa macho (paa, choo, redio, elimu ya mkuu wa kaya) na kuuliza kila kimoja kinaendana na matumizi kwa kiasi gani. Kila kitu kinapata uzito wake. Basi, ni regresheni, unaweza kuifanya kwenye kompyuta yoyote ya ofisini. Halafu unawapelekea watu wengine maswali yaleyale mafupi na kujumlisha.

Tatizo limo humohumo. Uzito ni wa wastani. Kwa taifa zima inakaribia, kwa kaya moja inaweza kukosea vibaya sana. Tena paa haliezuki siku mwenye nyumba anapofukuzwa kazi. Mfumo unapima ulivyokuwa, hausomi ulivyo.

Kwa hiyo mkipiga marufuku "akili mnemba", kipimo hiki kinapita getini kinapiga mluzi.

#16 Mjukuu wa Bibi

#15 umenigusa pabaya. Bibi yangu yuko kijijini, nyanda za juu kusini. Kuna mpango mmoja wa kusaidia wazee wasiojiweza, ukaja na dodoso. Kijana ana kishikwambi, mwenye adabu tu, hana ubaya. Paa: bati. Ni kweli, bati lile tulimchangia wajukuu baada ya nyasi kuoza. Umeme wa jua: upo. Paneli ipo juu pale, betri ilikufa zamani, inatumika kufukuza mwewe kwa kung'aa. Mbuzi: wawili. Ni mbuzi wa jirani, wanafungwa pale ili bibi apate samadi. Bibi akiulizwa "hawa mbuzi ni wa hapa?" anajibu "ndiyo, wanalala hapa." Kwake hilo ndilo jibu la kweli.

Jina halikurudi. Tulipoenda kuuliza tukaambiwa "mfumo umekataa." Nani wa kumuuliza huo mfumo? "Uko Dodoma." Basi tukarudi.

#17 Fundi Paa

Pole sana mkuu. Samahani kwa kutoka nje ya mada, bati lenyewe geji 30 au 28? Nina mzigo.

#18 Ngoja Waje

#17 wewe mfumo wa ruzuku unakuhesabu kama adui wa taifa. Ukiuza bati moja, bibi mmoja anakosa hela.

#19 Tarafa ya Kati

#16, bila kujua mpango ni upi siwezi kusema kilichotokea. Ila niongeze kuhusu TASAF, mfuko wa serikali unaotoa ruzuku kwa kaya maskini, ninayoijua kwa utaratibu wake. Kanuni ni kwamba mkutano wa kijiji unataja kwanza kaya maskini, baadaye linakuja dodoso na hesabu ya #15, halafu orodha inarudi kwa wananchi waithibitishe. Watu mwanzoni, hesabu katikati, watu mwishoni. Mkutano ungesema "mbuzi wale ni wa fulani" na kijiji kizima kinajua. Mimi kwangu hiyo ndiyo dawa, siyo marufuku.

#20 Baba Tumaini

Mkutano wa kijiji unaitishwa na nani?

#21 Tarafa ya Kati

Mwenyekiti.

#22 Baba Tumaini

Ahsante. Sina swali la nyongeza.

#23 Binti Sayuni

Mmeongea sana wanaume, hakuna aliyegusa wanawake. Austria ofisi ya ajira ilitengeneza mfumo wa kukadiria nani ana nafasi ya kupata kazi. Kuwa mwanamke peke yake kulikupunguzia alama, na ukiwa na mtu wa kumlea nyumbani unapunguzwa tena. Mwanamume mwenye watoto hakupunguzwa. Watengenezaji wakasema mfumo haubagui, unasema tu hali ya soko. Yaani soko linambagua, serikali inanakili ubaguzi ule, inaupiga muhuri, halafu inamnyima mafunzo kwa sababu "hana nafasi". Mamlaka yao ya data iliuzuia 2020.

Na hapo Rotterdam kwa Mama Zawadi, waandishi wa habari walioupata mfumo wa manispaa wa kukagua wanaolipwa posho ya kujikimu walikuta vigezo 315, jinsia ikiwemo, na uwezo wa kuongea Kiholanzi pia.

#24 Mama Zawadi wa Rotterdam

#23 ni kweli, manispaa iliacha kuutumia 2021. Nami niwe mkweli kwa Baba Tumaini, kuna wanaosema mashine ya kodi imebebeshwa mzigo usio wake. Sheria yenyewe ilisema kosa dogo, lipa zote. Mahakama ya juu ya utawala ilikubali tafsiri hiyo miaka na miaka, ikageuka Oktoba 2019. Mashine ilichagua nani akaguliwe, lakini nyundo waliishika watu. Kulikuwa hata na orodha nyingine ya washukiwa wa udanganyifu, ya watu zaidi ya 270,000, wengine wameingizwa bila sababu ya maana, na wenyewe hawajui kama wamo. Ile haikuhitaji akili mnemba yoyote. Mamlaka ya data iliwatoza Euro milioni 3.7 kwa ajili yake, Aprili 2022.

#25 Takwimu Tamu

Ndiyo ninachosema toka #15. Australia nao: serikali ilichukua mapato ya mwaka, ikagawa kwa majuma mawili mawili 26, ikasema kila kipindi umepata kiasi hiki, mbona ulichukua posho? Mtu wa vibarua hapati sawasawa kila wiki! Mamia ya maelfu wakapewa madeni yasiyokuwapo. Tume ya kifalme ikaandika ripoti 2023. Kugawanya, hesabu ya darasa la nne.

#26 Mchambuzi wa Vingunguti

Sasa mnataka tuseme nini, kwamba kwa kuwa uovu unawezekana kwa daftari basi tuuruhusu kwa kompyuta? Mjumbe mmoja anaonea mtaa mmoja. Mfumo mmoja unaonea nchi nzima usiku mmoja, bila kuchoka, na kwa kanuni ileile. Ukubwa wa eneo ni hoja.

#27 Mkunazini

Lakini kanuni ileile unaweza kuipeleka mahakamani mara moja ikafutwa kwa wote, kama hao wa SyRI. Masheha unawashtaki mmoja mmoja mpaka kiyama.

#28 Wakili Asiye na Joho

Hoja mbili hizo zote zina uzito, siamui.

Niseme lililo mkononi mwetu. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya 2019, kifungu cha 35, inampa mtu haki ya kutoamuliwa kwa mashine pekee jambo linalomgusa kwa uzito. Sheria ya Tanzania ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, ina haki ya namna hiyo. Kwa hiyo #16, "mfumo umekataa" siyo jibu la kisheria. Unaandika barua kudai mtu aangalie.

Uchochoro upo kwenye neno "pekee". Ofisa akibonyeza "kubali" mara mia mbili kwa siku, wanasema ameamua mtu. Mahakama ya Umoja wa Ulaya iliziba uchochoro huo Desemba 2023 kwenye kesi ya kampuni ya Ujerumani ya kupima wakopaji, SCHUFA: kama benki inaitegemea alama kwa kiasi kikubwa, basi kuitoa alama kwenyewe ndiyo uamuzi. Huku kwetu sijasikia majaji wakiletewa kesi kama hiyo, niletewe mimi mteja.

#29 Dada wa Mikopo

Na hizi programu za mikopo ya simu? Mimi niliwahi kunyimwa na moja, sikuwahi kukopa popote. Nadhani waliona namjazia salio baba kila mara wakajua nina mzigo. BoT (Benki Kuu ya Tanzania) Novemba 2024 walitaja 69 zisizo na leseni lakini wenye leseni nao wanatupima kwa nini, nani anajua?

#30 Kamanda Msto

#29 labda walisoma meseji zako na shemeji.

#31 Dada wa Mikopo

Kamanda, wewe ulinyimwa na ngapi mpaka ukapata huo uzoefu?

#32 Kisumu Dala

Turudi kwa mada. Mimi sitaki marufuku wala sitaki mjumbe. Nataka ule uzito wa #15 uchapishwe. Paa pointi ngapi, ng'ombe ngapi, choo ngapi. Kila mtu ajihesabie mwenyewe kabla ya kutozwa.

#33 Takwimu Tamu

Ukichapisha, siku ya dodoso ng'ombe wote wa kata wanalala kwa wajomba.

#34 Kisumu Dala

Na usipochapisha, mbuzi wa jirani wanahesabiwa kwa bibi. Chagua.

#35 Mjukuu wa Bibi

#28 nashukuru. Hiyo barua naielekeza kwa mwenye mpango au kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi moja kwa moja? Na inatakiwa iwe na sahihi ya bibi? Anaweka dole gumba tu.

#36 Wakili Asiye na Joho

Anza kwa mwenye mpango, kwa maandishi, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Wakikaa kimya au wakirudia "mfumo", ndipo uende Tume. Dole gumba linatosha, shahidi asaini pembeni.

#37 Baba Tumaini

Na barua ya utambulisho wa bibi atapewa na nani?